Lobisomem: maelezo matatu ya asili ya neno moja, na yapi yakufae

Mpwa wangu anasoma Maputo. Juzi usiku alinitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo mjomba. Kesho kutwa nina dakika tano za kueleza neno moja la Kireno mbele ya darasa. Nimechagua lobisomem. Lobo nalijua, homem nalijua. Hiyo is ya katikati imetoka wapi?"

Nikamjibu marahaba, nipe mpaka kesho. Nilidhani ni kazi ya kufungua kamusi moja na kuifunga.

Lobo ni mbwamwitu, yule wa baridi za Ulaya anayetajwa kwenye Biblia kuwa huja amevaa ngozi ya kondoo. Homem ni mtu, hasa mwanamume. Lobisomem ni yule mtu ambaye usiku wa siku maalumu hugeuka mnyama na kutimua mbio mpaka alfajiri. Linatamkwa lo-bi-ZO-mem, s ikisomwa z, mkazo silabi ya tatu kutoka mwanzo. Ukiyabandika yale mawili kama yalivyo unapata lobo-homem. Herufi mbili, i na s, hazimo kushoto wala kulia. Ndizo zilizozaa maelezo matatu, na kila moja lina watu wake.

Sikusudii kukuchagulia. Nitayaweka yote kwenye mizani ileile, uone lipi linabeba mzigo wako.

Vigezo

Nimetumia vinne. Cha kwanza ni sauti: je, maelezo yanatoa hesabu ya kila herufi, hasa hizo mbili? Cha pili ni umbo: mpangilio wa vipande na namna neno linavyoingia katika wingi. Cha tatu ni majirani, yaani lugha ndugu na za jirani zinamwitaje kiumbe huyuhuyu. Cha nne ni simulizi: neno linaendana na wanayoyasimulia watu? Kwangu sauti ina uzito kuliko vingine vyote, maana swali lenyewe la mpwa ni la sauti mbili. Wewe unaweza kuwa na sababu ya kupanga vingine.

Kuna mambo ambayo pande zote tatu zinakubaliana, tuyamalize hapa. Lobo limetoka lupum ya Kilatini, na homem limetoka hominem. P ya Kilatini ikikaa kati ya irabu mbili, Kireno huilainisha kuwa b. Ndivyo sapere, kujua, ilivyokuwa saber.

La pili ni tahajia. Zamani neno liliandikwa lobishomem, na Mswahili akiliona hivyo atasoma "lobi-shomemu", kwa kuwa kwetu sh ni sauti moja. Sivyo. S ni ya kushoto, h ni ya kulia, na h ya Kireno hapo haitamkwi. Baadaye h ikaondolewa. Mkataba wa tahajia uliosainiwa Lisbon mwaka 1990, Msumbiji ikiwa miongoni mwa waliotia saini, unalitaja neno hilihili kama mfano: h ya mwanzo wa neno ikijikuta katikati kwa sababu vipande viwili vimegandana, hufutwa. Limewekwa foleni moja na desumano na inábil. Vipande vikiunganishwa kwa kistari, kama katika sobre-humano, h hubaki. Maana yake wenye lugha wanalihesabu kuwa neno lililokwisha kuganda.

Na ile z isikudanganye. S ya Kireno inayokutana na irabu ya neno linalofuata hutamkwa z: os homens, "wanaume", husikika kama uz-omens. Kwa hiyo kusikia z katika lobisomem hakumpi yeyote ushindi.

Maelezo ya kwanza: Kilatini kilichoganda, lupus homo

Haya ndiyo utakayoyakuta sana kwenye kamusi, mara nyingi kwa mstari mmoja tu.

*Sauti.* Katika Kilatini nomino hubadili mkia kulingana na kazi yake. Mbwamwitu akitenda ni lupus. Akitendwa ni lupum. Kireno kilirithi nomino zake karibu zote kutoka umbo la mtendwa, m ya mwisho ikadondoka, na ile s ya mtenda ikasahauliwa. Yalibaki maneno machache yenye mkia wa zamani, kama Deus, Mungu, na jina Marcos. Maelezo haya yanadai kwamba lobis- ni salio la aina hiyo: lupus alishikamana na homo mapema, na s yake ikapona kwa sababu haikuwa tena mwisho wa neno.

Wazo hili utalielewa vizuri zaidi ukikaa barazani kwenye mchezo wa karata. Ile seti ya jembe jeusi tunaiita shupaza, kutoka espadas. Mioyo ni kopa, kutoka copas. Kisu ni uru, kutoka ouros. Maneno yote matatu yalikuja na s mwishoni, na midomo ya pwani ikaikata yote mitatu, kwa kuwa Kiswahili hakipendi kufunga neno kwa konsonanti. Lakini tazama s ya kwanza ya espadas, iliyokuwa ndani: ipo mpaka leo, imekuwa sh ya shupaza. Sauti iliyoko mwisho wa neno iko ukumbini, mvua inaipiga. Iliyoko katikati imelala chumbani. Hivyo ndivyo s ya lupus inavyodaiwa kupona.

Tatizo ni irabu. Lupus ina u, lobisomem ina i. Irabu isiyo na mkazo huteleza kweli. Vijijini Brazili wengi husema lubisome, ambapo hata o ya kwanza imeshakuwa u. Lakini kuteleza si kanuni. Anayechagua maelezo haya lazima akubali kwamba i yake ameieleza kwa nusu.

Kuna kasoro nyingine ndogo. Kama kushoto kuna umbo la mtenda, lupus, na kulia kungekuwa na homo, ilhali homem limetokana na hominem, umbo la mtendwa. Hii ina jibu. Kigalicia, lugha ya Galicia, jimbo la Hispania linalopakana na Ureno kwa kaskazini, iliyokuwa moja na Kireno katika Zama za Kati, kinasema lobishome, na mtu kwao ni home. Kila mahali kipande cha kulia kinafuata neno hai la "mtu" la pale pale. Wasemaji waliendelea kumsikia mtu ndani ya neno hata baada ya kuacha kusikia lupus.

*Umbo.* Nomino mbili zilizowekwa sambamba, mbwamwitu halafu mtu. Halina shida.

*Majirani.* Hapa maelezo haya yana nguvu. Kiitalia kina lupo mannaro, na mannaro hurudishwa kwenye umbo la Kilatini cha mtaani, hominarius, "wa kimtu". Kwa hiyo kumweka lupus kando ya neno la mtu halikuwa jambo la kona moja. Kinachopunguza nguvu ni kwamba waandishi wa Kirumi walikuwa na neno lao jingine, versipellis, "mgeuza ngozi". Petronius analitumia, na Plinio Mkubwa naye, tena kwa dhihaka, akiwacheka Wagiriki kwa kuamini mambo kama hayo. Lupus homo basi ni Kilatini cha vinywani, si cha vitabuni. Na tafadhali usilichanganye na ule msemo wa Plautus, mtunzi wa michezo ya kuigiza wa Kirumi, kwamba mtu kwa mtu mwenziwe ni mbwamwitu. Maneno yote mawili yamo, lakini pale anazungumza mfanyabiashara asiyetaka kumkabidhi mgeni fedha. Hakuna anayeota manyoya.

*Simulizi.* Kwa Petronius kuna askari anayevua nguo mbele ya makaburi ya kando ya njia, mbalamwezi ikiwaka kama mchana, akageuka mbwamwitu. Kesho yake anakutwa kitandani, mganga akimtibu jeraha la shingo, palepale alipochomwa yule mnyama. Kwenye hadithi za Kireno jeraha vilevile ndilo ufunguo: ukimtoa lobisomem damu, hata tone, anarudi kuwa mtu. Uzi upo.

*Yanamfaa nani.* Anayeandika juu ya historia ya lugha, na yeyote anayependa kuona salio la kale likiendelea kuishi ndani ya neno la leo. Hayamfai mwenye dakika mbili.

Maelezo ya pili: kiungo cha Kireno chenyewe

Hawa wanasema msiende mbali hivyo. Kireno kina tabia ya kuunganisha vipande kwa i, na lobisomem ni mtoto wa tabia hiyo.

*Sauti.* Mifano si ya kutafuta kwa tochi. Perna ni mguu, longo ni -refu. Ukiunganisha unapata pernilongo, mwenye miguu mirefu, ambalo Brazili ndilo jina la mbu. Boca ni kinywa, aberto ni wazi; boquiaberto ni aliyebaki kinywa wazi kwa mshangao. Irabu ya mwisho ya kipande cha kwanza inaondoka, i inakaa mahali pake. Kwa kanuni hiyohiyo lobo linakuwa lobi-, na ile i iliyowatesa wenzetu wa kwanza imepata maelezo safi, bila kuteleza popote.

Ila sasa s ndiyo inayobaki bila mwenyewe. Mtu anaweza kusema imeingizwa ili irabu mbili zisigongane, i ya lobi- na o ya homem. Boquiaberto inamkatalia: pale i na a zimekutana uso kwa uso na hakuna s iliyoitwa kuamulia. Silaha iliyobaki ni cabisbaixo, "aliyeinamisha kichwa", lenye kipande cha kichwa mbele, baixo nyuma, na is ileile katikati. Ni mfano mzuri, nilifurahi nilipoukumbuka. Lakini ni mmoja, na wenyewe ni fumbo vilevile. Kutegua fumbo kwa fumbo hakutufikishi mbali.

*Umbo.* Pernilongo, boquiaberto na cabisbaixo yote ni nomino ikifuatiwa na kivumishi, na yanasifu: mwenye mguu mrefu, mwenye kinywa wazi. Lobisomem ni nomino mbili na ni jina la kiumbe. Ni mtambo mwingine, hata kama skrubu zinafanana.

Upande wa wingi, hata hivyo, maelezo haya yanasimama vizuri. Kireno kina maneno ambatani ambayo vipande vyote viwili huingia wingi: couve-flor, koliflawa, inakuwa couves-flores. Lobisomem halifanyi hivyo. Linakuwa lobisomens, mkia tu umebadilika. Sisi tunalijua jambo hili bila kufundishwa. Mwanamke, wanawake: vipande vyote viwili vimebadilika, wana na wake, kwa hiyo mshono bado unaonekana. Garimoshi, magarimoshi: wingi umekaa mbele, moshi haukuguswa, na ile "la" ya gari la moshi imeshamezwa. Lobisomem ni garimoshi. Msemaji wa leo wa Kireno hahesabu mbwamwitu waliomo ndani yake.

*Majirani.* Kigalicia kina lobishome, kwa hiyo huwezi kusema kiungo hiki kilibuniwa Lisbon juzi. Lazima ukirudishe nyuma kwenye ile lugha moja ya Zama za Kati. Upande wa Amerika Kusini ushahidi ni wa kuchekesha. Neno lilivuka mpaka wa kusini wa Brazili likaingia Uruguay na Argentina, na midomo ya Kihispania ikalifanya lobizón, au lobisón. Mtu wa ndani ametoweka kabisa. Mkia umegeuka -ón, ambao kwa Kihispania ni alama ya ukubwa, kama vile kusema "jibwamwitu". Hiyo inaonyesha jinsi is ilivyokuwa imeshikamana na lobo masikioni mwa watu: walipokata, walikata baada ya z.

(Kwa kuwa tumefika Argentina: huko mtoto wa kiume wa saba mfululizo husemwa kuwa ndiye lobizón, na rais wa nchi huwa baba wa ubatizo wa watoto kama hao. Mitandaoni utasoma kwamba mila hiyo ya ikulu ilianzishwa ili kuzuia laana. Sivyo. Ilianza mwaka 1907 kwa familia ya wahamiaji waliotoka Urusi na desturi yao, ikawekwa katika sheria mwaka 1974. Mbwamwitu aliingizwa baadaye na wasimuliaji.)

*Simulizi.* Hapa maelezo ya pili hayana la kusema, wala hayakuahidi.

*Yanamfaa nani.* Anayejifunza Kireno. Ukielewa pernilongo na boquiaberto umepata ufunguo wa maneno mengi, hata kama lobisomem lenyewe litabaki na s moja mkononi.

Maelezo ya tatu: neno lililotafsiriwa

Maelezo haya hayaanzi na sauti. Yanauliza wazo lenyewe la kuunganisha maneno hayo mawili limetoka wapi, na yanajibu: kwa wageni. Lugha ya kigeni ilikuwa na jina lenye vipande "mtu" na "mbwamwitu", wenyeji wakakopa wazo na kulijenga kwa matofali yao.

*Majirani.* Nitaanza hapa maana ndipo nyumbani kwao. Lugha za Kijerumani za kale zilikuwa na neno la aina hiyo; Kiingereza bado wanasema werewolf, ambapo were- ni "mwanamume" wa zamani. Wafaransa walilichukua zimazima: Marie de France, mshairi wa karne ya 12, anasema Wanormani humwita garwaf, na kutoka huko ndiko ilikotoka garou. Baadaye wakasahau kwamba ndani ya garou tayari kuna mbwamwitu, wakamwongezea mwingine mbele: loup-garou, yaani "mbwamwitu mtu-mbwamwitu". Usiwacheke sana.

Je, Ureno kulikuwa na Wajerumani hao? Walikuwapo. Wasuebi waliingia kaskazini-magharibi ya rasi ya Ureno na Hispania mwaka 409, ufalme wao ukadumu hadi 585 ulipomezwa na Wavisigothi, na hao nao wakatawala mpaka Waislamu walipovuka bahari mwaka 711. Kigothi kilikuwa na wair, mwanamume, na wulfs, mbwamwitu. Nafasi ya kukutana ilikuwepo, karne tatu nzima.

Kuna mlango wa pili, wa Kigiriki: lykanthropos, lykos mbwamwitu na anthropos mtu. Mpangilio ni uleule wa lobisomem. Waganga wa Kigiriki waliutumia msamiati huo kwa maradhi ya akili ya mtu anayejiona mbwamwitu; Marselo wa Side aliandika juu yake katika karne ya pili. Ila hilo ni neno la kitabu na la tabibu, na lobisomem ni la wachungaji na wasaga nafaka. Mlango wa Kigothi naona ni mpana zaidi.

*Umbo.* Hapa ndipo maelezo ya tatu yanaponivutia. Utaona haraka kwamba Kigothi kinaanza na mtu na Kireno kinaanza na mbwamwitu, ukasema hayalingani. Ngoja. Katika lugha za Kijerumani kichwa cha neno ambatani kiko mwisho: werewolf ni aina ya wolf. Katika Kireno kichwa kiko mwanzo: peixe-espada, samaki-upanga, ni aina ya samaki. Anayetafsiri hupanga kwa sarufi ya kwao, kwa hiyo mpangilio ukipinduka maana inabaki ileile: mbwamwitu wa kimtu. Kiswahili kiko upande wa Kireno. Mbwamwitu ni mbwa aliye wa mwituni, si mwitu wenye mbwa.

Linganisha na homem-lobo, ambalo Kireno kinalo pia, na hombre lobo la Kihispania. Hapo kichwa ni mtu. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana, nitairudia kwa watafsiri.

*Sauti.* Maskini. Tafsiri ya wazo haiachi alama kwenye sauti. Kama wangekopa neno lenyewe, kama walivyokopa luva, glavu, na ganso, bata bukini, tungeona kitu chenye sura ya garou. Badala yake vipande vyote ni Kilatini kitupu, na is haijaguswa hata kwa kidole. Maelezo haya yanaweza kuwa kweli bila kuthibitika kamwe.

*Simulizi.* Yanalingana na ueneaji wa hadithi kote Ulaya, hata kwa Wabaski wasio ndugu wa yeyote pale kilugha: wao husema gizotso, gizon mtu na otso mbwamwitu. Lakini hadithi zikienea hivyo, kila mmoja angeweza kuwa mkopeshaji, na kila mmoja angeweza kubuni mwenyewe.

*Yanamfaa nani.* Mtafsiri, na anayefuatilia safari ya hadithi kuliko safari ya herufi.

Jambo ambalo hakuna kati ya matatu linaloligusa

Lobisomem wa Ureno mara nyingi si mbwamwitu. Wakusanyaji wa simulizi wa karne ya 19, José Leite de Vasconcelos akiwemo, walikuta anageuka punda, farasi au nguruwe: hufika njia panda usiku, akagaagaa mahali mnyama alipogaagaa, na akainuka na umbo la mnyama huyo. Brazili hakuna mbwamwitu wa Ulaya kabisa. Aliyeko ni lobo-guará, mnyama mwekundu mwenye miguu mirefu ambaye matunda ni sehemu kubwa ya chakula chake. Hata hivyo mji wa Joanópolis, katika jimbo la São Paulo, unajitangaza kuwa makao makuu ya lobisomem. Neno limebaki na mbwamwitu ambaye hadithi ilishamwacha njiani.

Na huko Galicia halikuwa neno la hadithi tu. Manuel Blanco Romasanta, mchuuzi aliyeshtakiwa kwa mauaji, alifikishwa mahakamani Allariz mwaka 1852 akajitetea kwamba laana humgeuza mbwamwitu. Alihukumiwa kifo mwaka uliofuata, kisha malkia Isabel II akaibadili adhabu kuwa kifungo.

Hali yako ni ipi?

Kama ni mwanafunzi wa Kireno na unataka kulikumbuka neno, chukua maelezo ya pili, ukiri wazi kwamba s haijalipiwa. Anza na mbu. Kila mtu ana habari za mbu.

Kama unaandika kazi ya chuo kuhusu historia ya Kireno, ya kwanza ndiyo msingi wako, lakini usiishie kwenye ule mstari mmoja wa kamusi. Onyesha Deus, onyesha lobishome ya Kigalicia, na useme mwenyewe kuhusu u iliyogeuka i kabla mwalimu hajakuuliza. Mtu akikuvizia na cabisbaixo, mpe haki yake. I ya kiungo na s ya salio vinaweza kuwa vilikutana, wasemaji wakisikia kiungo cha kawaida pale palipokuwa na mkia wa Kilatini. Mimi binafsi naegemea huko, ingawa ni kuegemea tu.

Kama unatafsiri hadithi ya Kireno kwa Kiswahili, sahau is na ushike kichwa. Ukiandika "mtu-mbwamwitu" umesema ni mtu, ambaye ana jambo lake. Hiyo ni homem-lobo. Lobisomem inadai "mbwamwitu-mtu". Kwetu kuna mfano wa kupimia. Singida, miaka ya 1940, mauaji yaliyoonekana kama ya simba yalifikishwa mahakamani kama mauaji ya binadamu, na walioshutumiwa wakaitwa watu-simba. Mtu alikaa mbele, na kwa haki, kwa kuwa mahakama ilikuwa inatafuta watu.

Bado utakuwa na tatizo la mbwamwitu mwenyewe, kwa kuwa msomaji wa Tanzania akisikia jina hilo anamwona yule wa Serengeti mwenye mabaka na masikio ya duara. Si kosa kubwa kama unavyodhani. Temminck, mtaalamu wa wanyama wa Uholanzi, alipompa jina la kisayansi mwaka 1820, kwa mnyama aliyetoka pwani ya Msumbiji, alimdhania ni aina ya fisi. Baadaye akahamishiwa jina la Lycaon, mfalme wa Arkadia ambaye katika hadithi za Kigiriki aligeuzwa mbwamwitu na miungu. Kwa hiyo jina la mtu aliyegeuka lipo tayari mbugani kwetu.

Kama unamsimulia mtoto kabla ya kulala, lobo na homem vinatosha. Nenda moja kwa moja njia panda.

Na kama una dakika tano mbele ya darasa la Maputo, nilimwambia mpwa aandike lobishomem ubaoni kwa tahajia ya zamani, asiseme neno, awaache wenzake walisome kwa sauti. Baada ya hapo dakika nne ataamua mwenyewe zinaenda wapi. Alinijibu leo asubuhi: "Mjomba, mimi mwenyewe nimelisoma kwa sh."